Wimbo Aliomwimbia Kifaru

Ukifika kisiwani kwetu Mors, huku Denmark, ukauliza Jytte Brunsgaard ni nani, utajibiwa upesi: yule bibi wa kifaru. Hakuna atakayekwambia kwamba alikamua ng'ombe tangu alipoolewa hadi mgongo ulipokataa, wala kwamba keki yake ya rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini, ndiyo ilikuwa ikiisha kwanza kwenye kila sherehe ya kijiji. Video moja ya simu ilifuta yote hayo. Mimi nimekaa naye ua kwa ua tangu mume wangu Henning aliponileta huku, na nitakusimulia ilivyokuwa.

Jina langu la Mwanahamisi lilimshinda siku ya kwanza kabisa. Alilijaribu mara mbili, akasema, "Hapana, nitakuita Hami. Kunywa kahawa." Ndivyo alivyokuwa. Maneno machache, kikombe mezani, na ukimaliza unaongezewa bila kuulizwa. Mume wake, Egon, alikuwa mkimya zaidi yake. Waliweza kula mlo mzima wa viazi na nyama bila kusemezana, wakainuka wameridhika, kila mmoja akarudi bandani.

Walijaliwa mtoto mmoja, Maibritt. Sitaki uelewe vibaya: mtoto yule hakukosa kitu. Alikuwa msafi, ameshiba, ana viatu vya baridi kabla baridi haijaingia, na siku yake ya kuzaliwa bendera ilipandishwa uani kama kwa kila mtoto wa Denmark. Lakini mikono ya mama yake ilikuwa kwa ng'ombe. Asubuhi Maibritt alijiandalia mkate wake mweusi peke yake kwa sababu mama alikuwa akikamua, na jioni alijifunika blanketi peke yake kwa sababu mama alikuwa akikamua tena. Akakua hivyo, mpole, anayejitegemea, haombi kitu. Watu walimsifu Bi Jytte kwa kulea mtoto asiye na usumbufu.

Egon alipofariki, ng'ombe waliuzwa. Lori lilikuja asubuhi moja ya upepo, wakapandishwa mmoja mmoja, na Bi Jytte akasimama mlangoni mwa banda akimwita kila mmoja kwa jina lake. Hakulia. Ila baada ya hapo, kila alfajiri niliona taa ya banda ikiwaka. Nilimuuliza anafanya nini mle ndani na ng'ombe hawapo.

"Nafagia," akasema.

Alifagia banda tupu msimu mzima. Kisha jioni moja akaona kwenye televisheni kipindi cha vifaru yatima huko kaskazini mwa Afrika Kusini, mahali ambapo watu wa nchi za mbali huenda kujitolea, wanawanywesha maziwa ndama ambao mama zao wameuawa kwa sababu ya pembe. Kesho yake alivuka ua akiwa na viatu vya mbao miguuni, hata koti hakuvaa.

"Hami, wewe ni mtu wa huko. Kifaru yukoje?"

"Bi Jytte, mimi ni mtu wa Tanga mjini. Kifaru nimemwona kwenye televisheni, kama wewe."

"Hata mara moja hujamwona kwa macho?"

"Nimemwona kwenye noti."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Sikuwahi kumwona akicheka vile. Ndipo nikajua kwamba ameshaamua.

Kijiji kizima kilimtania. Villy, aliyekuwa mpeleka barua wetu kabla hajastaafu, alimwambia mbele ya watu dukani, "Jytte, utaliwa na simba wewe!"

"Simba gani atahangaika na mifupa hii?" Bi Jytte akamjibu. "Angekuona wewe na hilo tumbo, sawa."

Maibritt wakati huo alikuwa na mimba. Yeye na mumewe, Troels, walikuwa wameitafuta kwa miaka mingi, wamezunguka hospitali hadi wamechoka, na sasa ilikuwa imeshika. Mtoto alitarajiwa mwezi wa tano. Bi Jytte angeondoka mwishoni mwa Januari, arudi katikati ya Machi. Nilikuwepo siku alipowaambia. Tulikuwa mezani kwake, mishumaa imewashwa, keki imekatwa.

"Nenda tu, mama," Maibritt alisema. "Hujawahi kwenda popote. Mtoto akija utakuwa umesharudi zamani."

"Una uhakika?"

"Kabisa. Nenda."

Troels alimtazama mkewe, akataka kusema neno, akala keki. Na Bi Jytte, ambaye angeweza kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa namna anavyosimama tu, hakuona kwamba binti yake alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili wala hanywi. Au aliona. Hilo amenijibu kwa njia tofauti kila nilipomuuliza, hivyo siku hizi simuulizi.

Huko alikokwenda kulikuwa na msimamizi anaitwa Mokgadi, mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye sauti ya kuamrisha. Bi Jytte alimpenda mara moja kwa sababu naye hakupoteza maneno. Siku chache baada ya kufika kwake aliletwa ndama wa kiume, mdogo, aliyeokotwa amejibana kwenye mzoga wa mama yake, amejaa vumbi hadi masikioni. Mokgadi akamwita Lerole, maana yake vumbi kwa lugha yao. Ndama akakataa chupa. Wakajaribu huyu na yule, akawapiga vikumbo wote. Bi Jytte alipopewa zamu akafanya alivyozoea kuwafanyia ndama wake wa ng'ombe: akamwekea vidole mdomoni avinyonye kwanza, akajiegemeza kwenye shavu lake, akaanza kuimba chinichini wimbo wa jioni ambao bibi yake mwenyewe alikuwa akiimba. Lerole akanyonya vidole, akanyonya chupa, akaimaliza.

Tangu siku hiyo hakutaka mtu mwingine. Bi Jytte akilala bandani, naye analala. Bi Jytte akienda kula, ndama analia kwa sauti nyembamba ambayo huwezi kuamini imetoka kwenye mwili ule. Alinipigia simu akiwa na furaha ya msichana. "Hami, ananifuata kama mbwa! Ana nywele masikioni, laini kama za mtoto!" Alinieleza habari za Lerole mpaka kahawa yangu ikapoa. Mwisho wa maongezi akasema, "Maibritt hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Na siku ile ilikuwa kweli.

Wiki iliyofuata Maibritt alipelekwa hospitali kubwa ng'ambo ya daraja akiwa anatoka damu, na mtoto akatolewa usiku huohuo. Msichana. Njiti kabisa, miguu yake minene kama kidole changu cha gumba. Troels alimpigia mama mkwe wake asubuhi. Nilisikia mazungumzo yale kwa sababu alipiga akiwa jikoni kwangu, nilikokuwa nimemkalisha anywe kitu cha moto.

"Yuko hai," Troels alisema. "Wote wako hai. Daktari anasema tusubiri tu."

Sikusikia jibu. Nilimsikia Troels akisema, "Ndiyo. Hapana, hawaruhusu watu wengi. Ndiyo, nafahamu. Sawa, Jytte. Sawa." Akakata simu, akakaa akitazama meza.

"Anakuja lini?" nikamuuliza.

"Anasema hata akija atakaa kwenye korido tu huku. Ndama akiachwa sasa atakufa. Anasema akianza kula kwa watu wengine, basi atakuja."

Baadaye sana Bi Jytte alinisimulia upande wake, na hakujipunguzia hata tone. Alipokata simu ile alikwenda kwa Mokgadi kumpa habari. Mokgadi akaacha alichokuwa akifanya, akamshika mabega.

"Mama, nenda nyumbani. Gari litakupeleka uwanjani leo hii."

"Na Lerole?"

"Lerole ni kazi yetu sisi. Akifa tutamlilia, kisha tutapokea mwingine. Wewe una mjukuu."

"Siku chache tu," Bi Jytte akasema. "Azoee chupa."

Mokgadi akasema, "Mimi nimeshakwambia," akarudi kwenye kazi yake.

Siku chache zikawa wiki, wiki ikaanza nyingine. Kila siku alimpigia Troels, kila siku Troels akasema mtoto anaendelea. Hakuomba kuongea na Maibritt. Alidhani amelala.

Mimi ndiye niliyekuwa nikivuka daraja na supu ya kuku ndani ya chupa ya chai. Nilimkuta Maibritt wodini amekaa kwenye kiti cha kuegemea, blauzi imefunguliwa, mtoto amelazwa kifuani pake ngozi kwa ngozi, mirija imetoka puani, kofia ya sufu inamfunika hadi kwenye nyusi. Walikuwa wamemwita Alberte. Maibritt alikuwa anaogopa hata kupumua. Alinong'ona, "Hami, manesi wanasema niongee naye, azoee sauti yangu. Sijui nimwambie nini."

"Mwimbie," nikasema.

"Sijui nyimbo za watoto."

Nikadhani anatania.

Akaingia nesi kijana, mtu mwema, uso umejaa tabasamu, simu mkononi. "Maibritt, si umesema unatoka Mors? Kuna kitu hapa kitakufurahisha, kila mtu anakitazama!" Akamwekea simu mbele ya macho.

Nilikuwa nyuma ya kiti, nikaona kila kitu. Bandani kuna nyasi kavu na mwanga wa njano. Bi Jytte amekaa chini, miguu ameinyoosha, na kichwa cha yule ndama kimelala mapajani pake, jicho linafumba na kufumbuka. Anamkuna nyuma ya sikio, polepole, na anaimba. Sauti nzuri, jamani. Nzito kidogo, haina haraka. Chini ya picha mtu ameandika: bibi wa vifaru.

Maibritt alitazama hadi mwisho. Nesi akasema, "Anapendeza, ee?"

"Ndiyo," Maibritt akasema. "Huyo ni mama yangu."

Nesi akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaondoka na simu yake. Maibritt aliinamisha uso kwenye ile kofia ya sufu akakaa hivyo mpaka supu ikapoa, nikaimwaga.

Lerole alikufa mwanzoni mwa Machi. Tumbo lilimharibika, dawa zikashindwa, akafa na kichwa chake palepale mapajani. Bi Jytte alisaidia kuchimba, kisha akapanda ndege. Villy alimpokea stesheni na bendera ndogo ya karatasi, maana gazeti la kisiwa lilikuwa limeshatoa picha yake ukurasa wa mbele. Hakuipokea ile bendera. Alimwambia ampeleke hospitali moja kwa moja.

Troels alinisimulia kwamba aliingia wodini na koti lake la safari, amekonda, amebabuka pua kwa jua. Maibritt akainua macho. "Karibu, mama. Nawa mikono kwanza, sabuni iko pale." Bi Jytte akanawa mpaka viwiko. Akaja akasimama kando ya kisanduku cha joto, asijue aweke wapi ile mikono misafi. Akauliza mtoto ana uzito gani, akajibiwa. Akauliza kama anakunywa maziwa, akajibiwa. Hakuna aliyemgombeza. Ingekuwa kwetu Tanga, mashangazi wangemsimamia kichwani, wangemsema mpaka alie, kisha wangempakulia chakula na mambo yangekwisha. Huku walimpa kiti.

Alberte alitoka hospitali majira ya kuchipua, akawa mzima. Hilo nalo lilimdanganya Bi Jytte. Aliona mtoto mzima, binti yake anaongea naye kama kawaida, akafikiri limepita. Hivyo alipoombwa kwenda kuhadithia safari yake kwenye ukumbi wa kijiji, akakubali. Ukumbi ulijaa. Kahawa ilimiminwa, keki za kila nyumba zilipangwa. Maibritt alikuja na mtoto kwenye kigari, akakaa nyuma, karibu na mlango.

Bi Jytte hakuwa msemaji, lakini siku ile alisema vizuri. Aliwaeleza habari za pembe na za mama yake Lerole, wazee wakapangusa miwani. Alipomaliza, Villy akapaza sauti: "Tuimbie basi ule wimbo! Kifaru aimbiwe, sisi tukose?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bi Jytte akaona haya, kisha akafumba macho akaanza. Hakufika mbali. Alisikia magurudumu ya kigari, akafumbua macho, akaona mlango unajifunga.

Alimfuata nje hivyohivyo, mbele ya kijiji kizima. Mimi nilitoka na koti lake kwa sababu upepo ulikuwa mkali, na ndiyo maana nilisikia.

"Maibritt! Nini? Mtoto ana nini?"

"Mtoto hana kitu."

"Basi sema. Una hasira kwa sababu nilichelewa. Nilikosea, nakiri nilikosea. Nilidhani nyie mna madaktari, yule ndama hana mtu. Niliogopa, Maibritt. Mtoto mdogo vile ningemshika wapi? Ndama nilijua nimshike wapi."

"Siyo kuchelewa, mama."

"Ni nini basi?"

Maibritt alikuwa anafunga mikanda ya kigari, anaifunga na kuifungua. "Hukuwahi kuniimbia. Hata siku moja. Na mimi sikukulaumu, unajua? Maisha yangu yote. Nilidhani hujui kuimba."

Nilimwekea Bi Jytte koti mabegani, likaanguka, nikamwekea tena. Maibritt alimpandisha mtoto garini, akasema, "Asante, Hami," kama mtu anayetoka dukani, akaondoka.

Hakuhadithia tena popote. Magazeti yalipiga simu, hakupokea. Akajaribu kurekebisha kwa njia anazozijua yeye: alifuma, alioka, alijitolea kulea. Akafuma soksi na visweta vya kuvaa watoto kumi. Maibritt alipokea vyote na kushukuru. Mara moja alimwachia mtoto mchana mzima, na Bi Jytte akaniita kwa mkono kutoka dirishani, nije nione. Alikuwa amempakata Alberte, anamwimbia. Mtoto alimtazama kidogo, akajinyonganyonga, akanyoosha mikono kwangu. Alikuwa bado hajamzoea, ndiyo tu. Mtoto yeyote angefanya vile. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo, ndiyo," akanipa mtoto, akaenda kuweka maji ya kahawa.

Baadaye Troels alipata kazi Odense wakahama. Si mbali, kwa gari ni mwendo wa saa tatu. Wanakuja Krismasi na siku chache za kiangazi. Jumapili Maibritt hupiga simu, wanaongea habari za hali ya hewa, nani amefariki, viazi vimekuaje. Sauti zao ni nzuri. Ukisikiliza kutoka chumba cha pili utasema hawa ni watu wanaopendana, na nadhani hutakosea.

Mara chache Bi Jytte hulitaja mwenyewe. Siku moja tulikuwa tunachambua zabibu ndogo nyekundu za bustanini kwake, akasema bila kuniangalia, "Nisingekwenda kule, nisingejua kama ninaweza. Na yeye asingejua. Tungekuwa sawa tu, kama zamani."

"Unajuta kwenda?"

"Najuta kila kitu, Hami. Kwenda, kukaa, na ile miaka yote kabla. Banda lilikuwa hatua chache tu kutoka kitandani kwake. Ningeweza kuingia nimefunga aproni, nikaimba, nikarudi. Ng'ombe wangesubiri. Ng'ombe hawajui saa."

"Mwambie hivyo yeye."

"Nitamwambia," akasema, na tukaendelea kuchambua. Sijui kama alimwambia. Sidhani.

Mwaka jana, baridi ilipoanza kupungua, aliwekewa nyonga mpya. Maibritt alichukua likizo akaja kukaa naye alipotoka hospitali, peke yake, bila Troels wala mtoto. Nilipeleka mkate, nikawakuta bafuni, mlango uko wazi. Bi Jytte amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, taulo shingoni, na Maibritt anamwosha nywele. Alikuwa akimkinga macho kwa kiganja povu lisiingie, anamimina maji kwa kikombe kidogokidogo. Wote wawili kimya. Niliweka mkate mezani nikaondoka kwa kunyata, nikasema moyoni, basi, haya ndiyo yenyewe, yamekwisha.

Maibritt aliporudi Odense nilivuka ua kumwona mgonjwa. Alikuwa amekaa kitandani, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, mto umewekwa katikati ya magoti inavyotakiwa, dawa zimepangwa, glasi ya maji iko karibu na mkono wake.

"Amekutunza," nikasema.

"Amenitunza vizuri sana," akasema. "Kila kitu kwa wakati wake. Kama nesi."

Akageuza uso akatazama dirisha. Nikamfungulia pazia.